Ushauri: "Wenzake wavuta na hawana neno"

Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa hapa Mombasa, Liwatoni. Baba watoto ni baharia, yuko melini, na safari hii harudi mpaka miezi minne ijayo. Mwanangu wa pili ana miaka 20. Alimaliza fomu foo, akakaa, kisha akaanza kushuka pwani na wavuvi, kubeba barafu na kupakua samaki, na usiku mwengine hutoka nao baharini. Babake amemwekea pesa za kozi ya ubaharia.

Tangu mwaka jana nasikia harufu kwenye nguo zake. Nilipomuuliza hakukana. Alinambia, "Mama, ni majani tu. Ni dawa haya, huko ng'ambo yauzwa madukani. Wenzangu wote wavuta na hawana neno." Nikanyamaza, kwani wenzake nawajua. Wafanya kazi, wasalimia watu, wengine wana wake na watoto.

Lakini tangu mwezi uliopita si yeye. Halali. Nimemkuta amesimama dirishani gizani, asema wanaume wa boti za doria wamtaja jina kwa redio. Kioo cha bafuni amekifunika kwa kanga yangu. Nikimpa chakula ataka nionje mimi kwanza. Juzi alimkaba mdogo wake ukosi wa shati akidai ndiye apelekaye maneno.

Jirani mmoja asema nimlipe mtu, waje vijana usiku wamchukue wampeleke kituo cha kuachisha madawa. Mwengine asema polisi wamlaze siku mbili atiwe adabu. Dadangu asema ni jini. Tumemnywesha kombe, tumemsomea, bado. Mimi kubwa naogopa atakuwa teja kama wale tunaowaona mjini. Babake nimemficha. Akipiga simu nasema kijana amelala.

Nifanye nini? Na hiyo bangi kweli yadhuru, au ni sisi wazee twatishana?

Tena nimesahau: mjombake, ndugu yangu wa tumbo moja, naye alipandwa na jini akiwa na umri huohuo. Tulimfunga chumbani miaka. Amekufa zamani. Sijui kama lahusu.

Mama, Liwatoni

*

Dadangu,

Lahusu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara macho yangu yamerudi kwenye yale maneno uliyoyatia chini kabisa, baada ya maswali yote, kama mtu anayekumbuka kitu akiwa mlangoni. Mimi naanza hapo.

Nambari uliyoiacha niliipiga siku ileile, kwa sababu jambo lako halikuwa la kungojea gazeti. Nikakwambia mpeleke kijana hospitali. Ukaniambia utafikiri, na nikasikia katika sauti yako kwamba unaogopa watu watasema nini. Ndiyo maana naandika kwa urefu, kwa ajili yako na kwa ajili ya mama mwengine wa Ganjoni au Kibokoni ambaye ana kijana anayesimama dirishani usiku huu na hajamwambia mtu.

Uliyoyaeleza yana jina. Mtu kukosa usingizi siku nyingi, kusikia anatajwa na watu asiowaona, kuogopa chakula cha mamake, kumshuku mdogo wake aliyelala naye kitanda kimoja tangu utoto: madaktari huita hali hii saikosisi. Maana yake akili imeachana na mambo yalivyo. Kwake yeye ile redio ipo, na anaisikia kama wewe unavyosikia adhana. Usimtukane kwa hilo na usimcheke. Usimkubalie pia. Mwambie, "Mimi siisikii, lakini naona unavyoogopa, na mimi niko nawe." Hayo yatosha. Akikataa chakula, msipakuliane sahani. Wekeni sinia moja, mle pamoja kwa mkono, wewe ukitangulia. Mdogo wake alale kwa khalati yake mpaka mambo yatulie. Visu vya kuparia samaki viondoe machoni kimya kimya, bila kumpa hotuba.

Kisha mpeleke Coast General, ile wengi wetu tunaiita Makadara. Usimwambie "twende ukatibiwe bangi" wala "twende ukatibiwe wazimu," kwa kuwa hatakubali. Mshike kwa lile linalomsumbua yeye mwenyewe: halali. Hakuna kijana asiyetaka kulala baada ya usiku wa nne. Mwambie mnakwenda kutafuta dawa ya usingizi, na si uongo, kwani usingizi ndio daktari atakaoanza nao. Kama kuna mtu anayemstahi, nahodha wa mashua anayotoka nayo au mwalimu wake wa chuo, mchukue mwende watatu. Wakiona haja watawapa rufaa ya Port Reitz, ambako kwa miaka mingi wagonjwa wa akili wa Pwani wamekuwa wakitibiwa. Najua jina hilo linavyotamkwa mitaani kwetu. Litamke wewe kama unavyotamka jina la hospitali yoyote.

Akianza kutishia kujidhuru au kumdhuru mtu, acha mashauri. Siku hiyohiyo, saa hiyohiyo, chukueni tuktuk mwende.

Sasa turudi kwa mjomba.

Ugonjwa wa akili, hasa ule uitwao skizofrenia, hupita katika ukoo. Haupiti kama rangi ya macho, kwamba lazima ufike. Hupita kama nyumba zilizojengwa karibu na maji: nyingi husimama miaka yote, lakini bahari ikichafuka ndizo za kwanza kuingiwa. Bangi ni mojawapo ya vinavyochafua bahari hiyo. Ndani yake mna kemikali iitwayo THC. Ubongo wenyewe hutengeneza vitu vinavyofanana nayo, kidogo kidogo, vya kupimia njaa, usingizi, woga na kumbukumbu. Mtu akivuta, THC huingia kwenye milango hiyohiyo kwa wingi na kuishikilia wazi kwa saa kadhaa. Kwa mtu mzima mwenye afya, aghalabu hupita. Kwa kijana ambaye ubongo wake bado unajengwa, na ujenzi huo huendelea mpaka karibu miaka 25, na ambaye mjombake aliugua akiwa na umri uleule, hatari ni nyingine kabisa.

Kwa hiyo mwanao anaposema wenzake wavuta na hawana neno, huenda asema kweli. Usibishane naye juu ya wenzake. Utashindwa, na ukishindwa hapo hatakusikiliza pengine. Mwambie: wenzako hawakuwa na mjomba yule.

Uliuliza kama sisi wazee twatishana. Kwa sehemu, ndiyo, na hili linanisikitisha kwa sababu limetugharimu. Tumewaambia watoto kwamba msokoto mmoja humtia mtu kichaa. Wakaona jamaa zao wamevuta mmoja, wamevuta mia, wameamka asubuhi wakaenda kazini. Tangu siku hiyo hatuna neno tena mbele yao, hata tunaposema kweli. Basi nitakupa kweli yenyewe, uichukue ilivyo.

Watu wengi wanaovuta hawapati wazimu. NACADA, mamlaka ya kitaifa inayoshughulikia pombe na dawa za kulevya, ilipima nchi nzima mwaka 2022 ikakuta Wakenya 518,807 wenye umri wa miaka 15 hadi 65 wanatumia bangi, yaani mtu 1 katika kila 53. Wangekuwa wote wameharibikiwa tungewaona. Lakini hatari ipo, nayo imepimwa kwa muda mrefu. Sweden waliwafuata vijana wa kiume zaidi ya 45,000 walioingia jeshini, na matokeo yakachapishwa mwaka 1987: waliokuwa wamevuta zaidi ya mara 50 walipatwa na skizofrenia mara 6 zaidi ya wale ambao hawakuwahi kuvuta. Si kila mmoja wao. Wengi wao walibaki wazima. Lakini ungeambiwa mashua fulani huzama mara 6 kuliko nyingine, ungemwacha mwanao apande?

Na bangi yenyewe imebadilika. Ile iliyokamatwa Marekani mwaka 1995 ilikuwa na THC kiasi cha 4 kwa mia; kufikia 2014 ilikuwa 12 kwa mia. Inayouzwa kwetu haipimwi na mtu, wala anayeisokota hajui ameshika nini. Mzee anayesema "hata sisi tulivuta ujanani" huenda anasema juu ya mmea mwengine.

Kuna madhara mengine yasiyo ya kichaa, na haya ndiyo utakayoyaona kwa wale wenzake ukiwaangalia vizuri. Kikohozi cha asubuhi chenye makohozi, maana moshi ni moshi. Kumbukumbu kulegea. Uvivu wa kuanza jambo, kijana akawa kila siku ataanza kesho. Moyo kwenda mbio baada ya kuvuta. Kisha lile la wavuvi. Najua pale pwani husemwa kwamba bangi humpa mtu moyo wa kukesha baharini, humwondolea baridi na njaa. Njaa haiondoi, huizidisha. Na kwa usiku, humfanya mtu aone muda unakwenda polepole na mkono wake uitike kwa kuchelewa, na chelezo, kamba na injini havimngojei mtu. Vivyo hivyo kwa anayeendesha bodaboda. Katika kila watu 10 wanaojaribu, kama 1 hunasa asiweze kuacha, na kwa wanaoanza wakiwa chini ya miaka 18 ni kama 1 katika 6.

Kuhusu "ni dawa," hapa pia usimkatae moja kwa moja. Ipo dawa ya kifafa kigumu cha watoto inayotokana na mmea huu, na Marekani iliidhinishwa mwaka 2018. Lakini imetengenezwa kwa kemikali nyingine ya mmea, isiyolevya, imesafishwa, na mtoto hupimiwa kwa uzito wake. Msokoto wa maskani haumo katika habari hiyo. Ni kweli pia kwamba Canada huuzwa madukani tangu 2018. Wao wenyewe wameweka umri, na wanawaonya waliozaliwa katika koo zenye ugonjwa wa akili wajiepushe. Mwanao yumo katika onyo hilo hata akivutia Toronto.

Sasa swali ambalo hukuniuliza, nami ningependa umuulize kijana mwenyewe siku atakapokuwa ametulia: pamoja na bangi, anatafuna muguka, yale majani ya jamii ya miraa? Hili nalitilia mkazo. Vijana wengi wa Mombasa hupanda kwa kimoja na kushuka kwa kingine. Hutafuna muguka wapate handasi, ule mchangamko, na kukesha, alfajiri wakavuta bangi ili ile handasi ishuke wapate kulala. Muguka peke yake waweza kumkosesha mtu usingizi mpaka akaanza kusikia sauti. Vikikutana viwili juu ya damu ya mjomba, sishangai kamwe. Mwezi Mei 2024 Gavana Abdulswamad Nassir aliupiga muguka marufuku hapa kaunti, kesi zikafika mahakamani, watu wakagawanyika. Mimi siingii humo leo. Nasema tu daktari lazima aambiwe, na aambiwe pia kama kijana hutumia vidonge vya bugizi au kitu kingine chochote. Daktari si polisi. Akifichwa hili atatibu nusu.

Hofu yako kubwa, umesema, ni uteja. Ni hofu ya kila mama wa mji huu, na tuna sababu. Unga umetumalizia watoto. Lakini bangi si unga. Huamki siku moja bangi ikawa imegeuka heroini mwilini. Njia ya hatari ni ile kokteli, bangi inayochanganywa na unga katika msokoto mmoja, na mwengine hupewa bila kuambiwa. Muulize kwa upole kama amewahi kuvuta msokoto asioujua, akatapika au akasinzia ovyo. Kama jibu ni ndiyo, hilo lina matibabu yake, hata methadoni ipo Kisauni. Kwa bangi hakuna dawa ya namna hiyo. Kuna kuacha, na kuna watu wa kukusaidia kuacha.

Wale majirani wawili, nisamehe, wote uwakatalie.

Vijana kuja usiku kumbeba mtu ambaye tayari anaamini kwamba kuna wanaume wanaomvizia! Fikiria hapo dadangu. Utakuwa umemthibitishia ile redio, na wewe mamake utakuwa umo katika wale wanaume maisha yake yote. Kituo cha kuachisha madawa ni kitu kizuri kwa wakati wake, baada ya akili kutulia na kwa hiari yake. NACADA wana kituo chao Miritini. MEWA na Reachout Centre Trust wamefanya kazi na watumiaji wa Mombasa miaka mingi. Kuna na nambari ya bure, 1192, unapiga unaongea na mshauri bila kutaja jina lako. Lakini anayesikia sauti huanzia kwa daktari.

Polisi pia, la. Sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 1994, pamoja na marekebisho yake ya 2022, bado huhesabu bangi kuwa kosa hata kama ni ya kuvuta wewe mwenyewe. Hujui utakapompeleka "siku mbili atiwe adabu" kama atatoka kwa siku mbili au kwa kesi. Wewe una mgonjwa. Mgonjwa hatiwi adabu.

Kuhusu jini, sitamvunjia dadako heshima. Someni, na kombe anywe mkitaka. Qur'ani haijamzuia mtu kumeza kidonge. Ninachoomba ni hiki tu: kusoma kusiwe sababu ya kuchelewa. Niliwahi kuwa na jirani, mtu mpole wa kushona kofia, aliyefungwa mnyororo mguuni ua wa nyuma tangu mimi nikiwa msichana mpaka nikaolewa. Tulipita tukienda chuoni tukamwamkia, naye akatuitikia kwa majina. Hakuna aliyewahi kumpeleka kwa daktari. Waliomfunga hawakuwa wabaya. Walimpenda, walimwogesha, walimlisha kwa mkono. Walikuwa wameona haya. Ndugu yako pia mlimpenda, najua. Chumba kile kisipate mtu wa pili.

Mara nyingi hali kama hii, bangi ikikomeshwa na dawa ikianzwa mapema, hutulia kwa siku au wiki chache. Hapo ndipo familia hufanya kosa: kijana amepona, amelala, amecheka, basi dawa zinatupwa kabatini na yeye anarudi maskani. Usikubali. Denmark waliwafuata watu ambao madaktari walithibitisha kwamba wamepatwa na wazimu wa kuletwa na vileo na madawa. Matokeo ya 2018 yakaonyesha kwamba, kati ya wale wa bangi, karibu nusu walikuja kupatwa na skizofrenia au baipola miaka ya baadaye. Nusu nyingine haikupatwa. Mwanao yuko hapo katikati, na kila msokoto kuanzia leo unamsukuma upande mmoja. Kwa wenzake nimekubali kwamba si kila avutaye huugua. Kwake yeye nasema aache kabisa, asipunguze.

Wiki ya kwanza atakuwa na hasira, jasho la usiku, ndoto kali, chakula hakipandi. Ni mwili unajirudi. Kufikia wiki ya pili kwa kawaida hupungua. Usimlemee kwa maswali siku hizo. Mpikie uji wa pilipili manga, mwache atembee asubuhi mpaka Mama Ngina na mtu wake wa karibu, mwondolee kukesha baharini kwa muda. Na muguka usiwe badala.

La mwisho ni la babake. Mpigie simu. Najua yuko mbali na unaona huruma kumtia fikira katikati ya bahari, lakini mtoto ni wake, na pesa za kozi ni zake, na kuna jambo yeye kama baharia analijua kuliko mimi: kampuni nyingi za meli humpima mtu mkojo kabla ya kumpandisha. THC hukaa katika mafuta ya mwili. Kwa aliyevuta mara moja huisha kwa siku chache. Kwa wa kila siku huweza kuonekana mwezi mzima au zaidi. Kwa hiyo hata huo ubaharia unaanzia kwenye kuacha, na neno hilo likitoka kinywani mwa baba aliyepimwa mara nyingi litaingia kuliko likitoka kwetu. Ila asimwambie sasa. Asubiri kijana alale kwanza wiki mbili tatu, redio inyamaze, ndipo waongee. Kwa leo baba amwambie mwanawe kitu kimoja tu, kwamba amesikia hajisikii vizuri na yuko pamoja naye.

Ukifika Makadara daktari atakuuliza imeanza lini, anatumia nini, amewahi kuugua hivi. Mara hii, dadangu, ya mjomba uyaseme mwanzo.